Kasongo na Kabambare: Programu zinazojiwasha zinakula umeme na mega za wananchi

Asubuhi mjini Kasongo, katika sekretaria ndogo ya kuchapa barua na kupiga fotokopi, mwenye duka anawasha jenereta, anabonyeza kitufe cha ordinatere, kisha anangoja. Mteja amekuja na barua ya kuomba kazi, ukurasa mmoja tu. Dakika tano zinapita, saba, kumi. Mafuta yanaungua. Kwenye skrini, karibu na saa, alama ndogo zinajitokeza moja baada ya nyingine: programu ya muziki isiyosikilizwa na mtu, programu ya kuhifadhi picha mtandaoni, programu ya mikutano ya video ambayo haijawahi kufanya mkutano hata mmoja, na kijisanduku kinachoomba marekebisho ya printa iliyokufa zamani. Zote zimejiwasha zenyewe. Hakuna aliyeziita.

Mahali penye umeme wa ukutani, hayo ni kero tu. Kusini mwa Maniema ni hasara ya feza, na katika ofisi fulani ni hasara kubwa kuliko feza. Wakuu wa ofisi, wa shule na wa vituo vya afya katika wilaya za Kasongo na Kabambare wangefanya vizuri kulishughulikia jambo hili sasa, maana ni kati ya matatizo machache ya huku yanayoweza kutatuliwa bila barua kwenda Kindu wala Kinshasa.

Chanzo chake kinajulikana. Programu nyingi, siku zinapoingizwa katika kompyuta, hujiandikisha zenyewe kwenye orodha ya vitu vinavyofunguliwa kila mashine inapowashwa. Wanaozitengeneza wana sababu zao: wanataka programu yao iwe tayari muda wote na ipokee marekebisho bila kuulizwa. Walimfikiria mtu wa Brussels au Chicago, ambaye kompyuta yake haizimwi wiki nzima na ambaye intaneti yake haipimwi. Hawakumfikiria karani wa Kabambare anayelipia kila kitu kwa kipimo, kuanzia lita ya mafuta na saa za betri hadi mega.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya jua ya volti 12 na ampea 100 kwa saa inabeba kama wati 1,200 za saa moja. Mafundi wanakataza kuishusha betri ya asidi chini ya nusu, kwa hiyo zinazotumika ni 600. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake ikivuta wati 120, umeme huo unakwisha kwa saa tano. Sasa, kwa kuwa umeme wenyewe unakatikakatika, mashine inawashwa mara tatu kwa siku, na kila mara inangojewa dakika kumi. Hiyo ni nusu saa, yaani wati 60 kati ya 600. Sehemu moja ya kumi ya umeme wa siku imekwenda kabla ya herufi ya kwanza kuandikwa. Kompyuta ya mkononi inavuta kidogo kuliko hiyo, lakini nayo inapoteza umeme kwa njia ileile.

Mega zinapotea kimyakimya zaidi. Karani anaunganisha kompyuta na simu yake ili atume barua moja. Kompyuta haijui kwamba nyuma ya simu hiyo kuna forfe ndogo iliyonunuliwa kwa siku moja. Inaona mtandao, na zile programu zilizojiwasha zinaanza kuvuta marekebisho na kupandisha picha. Barua haijaondoka, forfe imekwisha. Halafu lawama inaangukia kampuni ya simu. (Kampuni za simu zina makosa yao, lakini si hili.)

Panapouma kweli ni afya. Kasongo ina historia katika jambo hili. Kuanzia 1971, mradi wa afya ya msingi uliofanywa hapa pamoja na Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, uliifanya Kasongo isomwe na madaktari wa nchi nyingi, na sehemu kubwa ya sifa yake ilitokana na kadi na madaftari yaliyojazwa kwa uangalifu. Leo takwimu za zoni za afya za Kongo zinaingizwa katika mfumo wa DHIS2, kwa kompyuta na kwa intaneti. Hesabu za wagonjwa wa surua au kipindupindu zinatakiwa kupanda kila wiki kutoka vituo hadi ofisi ya zoni, kutoka hapo hadi jimbo, kisha taifa. Takwimu za Lusangi au Salamabila zikichelewa, wale wanaoamua chanjo ziende wapi wanaamua bila kuzijua.

Itakuwa uongo kusema kwamba ripoti zinachelewa kwa sababu ya programu ya muziki. Zinachelewa kwa barabara mbovu, kwa usalama mdogo upande wa Kabambare, kwa wauguzi wasiolipwa kama inavyostahili. Lakini karani ambaye pikipiki imemletea karatasi kutoka kijiji cha mbali, akakaa mbele ya skrini mpaka betri ikazima, ameongezewa kikwazo ambacho hakuna aliyelazimika kukiweka.

Kukiondoa kunachukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Kwenye kompyuta za Windows, ambazo huku nyingi zinasema Kifaransa, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Maj na Échap. Gestionnaire des tâches inafunguka. Ikionekana fupi, bonyeza "Plus de détails" chini yake. Tafuta palipoandikwa "Démarrage", au "Applications de démarrage" kwenye Windows 11. Hapo ndipo orodha ilipo, na pembeni kuna maelezo ya uzito wa kila programu. Penye neno "Élevé" ndipo pa kuanzia. Chagua isiyohitajika, bonyeza "Désactiver", basi. Mashine za zamani zenye Windows 7, na bado zipo, zina njia yake: alama ya Windows pamoja na herufi R, kisha kuandika msconfig. Kwa mega, ingia kwenye Paramètres, upande wa mtandao, na utie alama kwamba mtandao wa simu hiyo ni "Connexion limitée". Marekebisho mengi yatasubiri.

Wengi wanaogopa kugusa. Woga huo unaeleweka, maana kompyuta ni ya ofisi na chefu atauliza. Lakini kuzuia programu isijiwashe si kuifuta. Inabaki palepale, na siku inapotakiwa inafunguliwa kwa mkono kama nyingine yoyote. Aliyekosea anarudi kwenye orodha ileile na kubonyeza "Activer". Vya kuachwa ni vichache: kinga ya virusi, na vile vinavyohusu sauti, kibodi au kipanya. Jina lisiloeleweka liachwe mpaka aulizwe anayelijua. Na orodha ya "Services", iliyo jirani, isiguswe kabisa na asiye fundi.

Orodha hiyo inafichua pia jambo lingine. Flashi zinatembea sana kati ya machimbo ya dhahabu ya Salamabila, Kabambare na Kasongo, zikibeba nyimbo, filamu na silabasi za wanafunzi. Zinabeba na vijidudu. Kila mwenye sekretaria anakijua kile kirusi kinachoficha mafaili ya mteja na kuweka njia za mkato mahali pake. Virusi vya namna hiyo vinaishi kwa kujiandikisha kwenye orodha ya kuwasha, ndiyo maana flashi ikisafishwa leo, kesho inachafuka tena kwenye mashine ileile. Anayeifungua orodha na kukuta jina la wscript, au programu isiyo na jina la mtengenezaji, ana sababu ya kumwita fundi kabla ya kuchomeka flashi ya mtu mwingine. Wanafunzi waliopoteza kazi ya mwisho wa masomo kwa njia hii hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna watakaosema kwamba kuzungumzia programu za kompyuta mahali ambapo barabara haipitiki ni mchezo, na kwamba dawa ni umeme wa kudumu na mashine mpya. Umeme ni haki, na anayeudai asichoke. Mashine mpya ni habari nyingine. Tangu Goma na Bukavu ziliposhikwa na M23 mwanzoni mwa 2025, njia ambazo wafanyabiashara wa Maniema walizoea kupitishia bidhaa za mashariki zimevurugika, na kompyuta iliyopo mezani ndiyo itakayofanya kazi mwaka huu na pengine mwaka ujao. Hata hiyo mpya, ikifika, inafika ikiwa imejazwa programu za majaribio kutoka kiwandani, na zote zinajiwasha.

Kwa hiyo wajibu una wenyewe. Muuzaji wa kompyuta zilizotumika asiitoe mashine dukani kabla ya kupunguza orodha hiyo, kama vile fundi wa pikipiki asivyompa mteja pikipiki bila kukaza breki. Mashirika yanayogawa kompyuta kwa shule na zoni za afya, ambayo hupenda sana kupiga picha siku ya kukabidhi, yatume mtu nusu saa mapema kuzisafisha. Walimu wa informatiki, ambao mara nyingi wana mashine moja kwa darasa zima, wana hapa somo la vitendo lisilohitaji intaneti. Kinshasa ilitunga Sheria ya Dijitali mnamo Machi 2023, na ina mambo makubwa ndani yake, lakini hakuna sheria itakayokuja kubonyeza "Désactiver" katika ofisi ya Kabambare.

Mkuu wa ofisi amtaje karani mmoja kwa jina, ampe kazi hiyo, naye aifanye kila mwanzo wa mwezi. Si mara moja tu, kwa kuwa programu kadhaa hujirudisha kwenye orodha baada ya marekebisho, na nyingine mpya huingia pamoja na kitu kilichopakuliwa na mtu aliyeazima mashine jioni.