Ramani ya Kisima Ifike Zahanati

Maji yenye nitrati hayana rangi wala harufu ya kumshtua mtumiaji. Mama anayeyachemsha ili amtayarishie mwanawe maziwa ya unga huamini ametimiza wajibu wake. Vijidudu amewaua, lakini nitrati haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, ukali wake huzidi katika yanayobaki. Kiwango kikiwa kikubwa, damu ya mtoto aliye chini ya miezi sita hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo, na midomo yake hugeuka bluu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita.

Dodoma ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Jiji hutegemea sana maji ya chini ya ardhi, hasa visima virefu vya Makutupora. Vipimo vya kina cha maji vilivyowekwa huko tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba hifadhi hiyo hujazwa zaidi na mvua kubwa za miaka michache. Ikichafuka, haitegemewi kujisafisha upesi. Nao watu wa mkoa wameongezeka kutoka 2,083,588 mwaka 2012 hadi 3,085,625 mwaka 2022, na nyumba isiyounganishwa na mtandao wa majitaka huchimba shimo lake.

Hapo ndipo mfumo wa taarifa za kijiografia unapohitajika. Visima, vyoo vya shimo, madampo, miamba na mwelekeo wa maji ardhini huwekwa juu ya ramani moja. Ramani hiyo huonyesha kisima cha kupimwa kwanza na shimo la kuondolewa mapema. Husaidia pia kutenganisha uchafu wa binadamu na floraidi itokayo kwenye miamba, kama ilivyo katika sehemu za Singida na Dodoma. Shimo linaweza kufukiwa. Mwamba hauondolewi, hivyo wakazi hutafutiwa chanzo kingine au maji huchujwa floraidi.

Hata hivyo, ramani isiyo na mgonjwa ni pungufu. Mwaka 1854, daktari John Snow alihesabu vifo vya kipindupindu vya mtaa mmoja wa London, akaonyesha vilivyokusanyika kuzunguka pampu moja ya maji. Zahanati huandika kijiji au mtaa wa mgonjwa. Inafaa iandike pia kisima anachochota.

Wahudumu watasema, kwa haki, kwamba rejesta zimekwisha kuwalemea. Basi swali hilo liulizwe kwa wachache: mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya unga, mtoto mwenye meno ya madoa ya kahawia, na familia inayorudi mara kwa mara kwa kuhara. Siri ya mgonjwa ilindwe kwa kuonyesha jumla ya mtaa, kamwe si nyumba ya mtu. Na matokeo ya vipimo yarudi zahanati, kwani mhudumu asiyepewa jibu huchoka kuuliza.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Akiulizwa anachota wapi, ataje kisima chenyewe, hata kama ni cha jirani. Na mwenye kisima akipime kabla mtoto hajazaliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.