Vijana Waitwa Kushauri, Ufunguo Uko kwa Waziri



Imekuwa ada ya watawala wetu, kila wanapoona joto limezidi mitaani, kuwaita vijana waje kutoa rai zao. Viti hupangwa, maji ya chupa huwekwa mezani, waziri hufika amechelewa, na jioni hupigwa picha ya pamoja. Vijana hurudi makwao wamevaa fulana. Zile rai walizozitoa hazijulikani zimeishia wapi, wala hapana aliyewarudia kuwaambia: hili tumelikubali, na hili tumelikataa kwa sababu kadha wa kadha. Sisi twasema ya kuwa huo si ushauri. Mwenye kukutaka shauri kisha asikujibu amekutaka uwe shahidi wake tu, apate kuwaambia watu kuwa ulikuwapo.

Si kwamba sheria hazipo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 21, imempa kila raia haki ya kushiriki katika kuamua mambo yanayomhusu yeye na taifa lake, wala haikutaja ndevu wala mvi. Mkataba wa Vijana wa Afrika ulipitishwa Banjul mwaka 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2012. Hapa Visiwani tuna Sheria ya Baraza la Vijana, namba 16 ya mwaka 2013. Bara walipitisha ya kwao mwaka 2015. Uchaguzi wa mwaka ule ukapita, na wa mwaka 2020 ukapita, na baraza lenyewe lilikuwa bado halijapata kuketi. Na sensa ya mwaka 2022 imetuonyesha kuwa watu wa miaka 15 hadi 35 ni zaidi ya theluthi moja ya watu wote wa nchi hii.

Hoja ya wakubwa tunaijua. Husema ati vijana hawana subira, hawana uzoefu, wanajua kupiga kelele na hawajui kujenga. Basi wenye hoja hiyo na wafunge safari mpaka Songea, katika Mkoa wa Ruvuma, wakaulize jambo lililotendwa huko na vijana wa chama chao wenyewe, na jinsi chama chao kilivyowalipa. Ni khabari isiyosimuliwa sana katika mikutano ya hadhara, na msomaji ataona kwa nini.

Mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru wake, kikundi kidogo cha Umoja wa Vijana wa TANU, kikiongozwa na kijana Ntimbanjayo Millinga, kiliingia pori la Litowa kikaanza kufyeka. Hawakutumwa na serikali, wala hawakupewa fungu la fedha. Chakula kiliwaishia, wakatoka. Mwaka uliofuata wakarudi. Safari hii wakadumu, wakalima pamoja, na wakawa wanakaa kikao kuamua wenyewe kazi gani ifanywe na nani aifanye. Watu wa vijiji vingine wakaja kutazama; vijiji vipya vikazaliwa kwa mfano ule, na vyote vikaungana katika Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma. Jumuiya hiyo ikapata mashine ya kusaga nafaka Songea mjini, ikapata kiwanda cha kupasulia mbao, ikawa na shule yake Litowa ambamo watoto walisoma, walilima, na walishiriki kuyaendesha mambo ya shule yao. Alikuwapo Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, akiishi nao pamoja na familia yake, kazi yake kushauri. Mwenye kuamua alikuwa mkutano wa wanakijiji.

Serikali isingeweza kupata washauri bora kuliko hawa. Hawakuleta waraka wa kurasa mia. Walileta kijiji, kinaonekana kwa macho, mtu akitaka aende akakanyage ardhi yake. Mwalimu Nyerere aliwatembelea, akawasifu, na kwa muda akawakinga. Alipotoa maandishi yake ya “Elimu ya Kujitegemea” na “Ujamaa Vijijini” mwaka 1967, mengi ya yaliyomo yalikuwa yamekwisha kutendwa Litowa miaka kadhaa kabla. Yaani ushauri wa vijana ulikwisha kufika juu kabisa, ukakubaliwa, ukatangazwa kuwa siasa ya nchi nzima.

Lakini wenyewe hawakukubaliwa. Wakubwa wa mkoa na wa chama waliona kitu kilichowakera: vijiji vinavyoamua bila ya kungoja amri, jumuiya yenye fedha zake, na mabarobaro wasiotetemeka wanapoingia ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama ambacho Rais wake alikuwa Mwalimu huyo huyo, iliivunja Jumuiya. Mali yake ikachukuliwa, walimu wa Litowa wakatawanywa, na wageni waliokuwa wakisaidia wakaondoka. Hawakuvunjiwa kwa wizi, wala kwa uasi. Walikuwa wanachama wa TANU wakiitenda siasa ya TANU, na aghlabu wakiitenda vizuri kuliko walioihubiri. Illa hawakuwa katika kiganja cha mtu.

Tuyatie maanani yaliyofuata. Mwezi wa Novemba 1973 ilitoka amri kwamba kila mtu wa shamba huko Bara awe anakaa katika kijiji kabla ya kumalizika mwaka 1976. Mamilioni ya watu wakahamishwa, wengi wao kwa nguvu, na wako waliochomewa nyumba zao ili wasirudi. Wale waliojua namna ya kuanzisha kijiji kwa ridhaa ya watu, ambao wangeweza kuiambia serikali jambo hili halitendeki hivi, walikuwa wamekwisha kunyamazishwa miaka minne kabla. Lau Jumuiya ile ingekuwa hai mwaka 1973, je, hapana hata mmoja ambaye angesimama akasema? Sisi twaamini angesimama, na twaamini wakubwa nao walilijua hilo.

Atatokea mtu aseme kuwa hayo ni ya zamani. Naam, basi na aende leo Namasakata, katika mkoa ule ule wa Ruvuma, upande wa nchi ya korosho. Kijana wa huko huuza korosho yake kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: hupeleka mzigo, hungoja mnada, kisha hungoja malipo. Utaratibu huo waweza kuwa mzuri, waweza kuwa mbaya. Yeye anao ujuzi wake juu ya jambo hilo, maana ndiye anayengoja. Mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri za Bara zimetakiwa kuwatengea vijana kutokana na mapato yao, asilimia nne, ilisimamishwa mwaka 2023, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya mwaka uliofuata. Hatukusikia kwamba kijana wa Namasakata aliulizwa iliposimamishwa, wala iliporudishwa.

Na sisi wa Visiwani tusijione tuko mbali na hayo. Baada ya mwaka 1964 vyama vingine vilifutwa, ukabaki umoja wa vijana wa chama kimoja, na aliyekuwa na neno alilisema humo au alilimeza. Waliomaliza masomo ya sekondari wakati ule walizuiliwa wasiende vyuo vikuu. Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad alingoja mpaka mwaka 1972 ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umri wake ukikaribia miaka thelathini. Hapana jambo linalomhusu kijana kuliko masomo yake, na jambo hilo lilikatwa juu ya vichwa vya vijana wote wa Unguja na Pemba.

Halafu ikaja tarehe 29 Oktoba 2025. Siku ile ya uchaguzi vijana wa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na miji mingine walitoka barabarani. Intaneti ikazimwa, risasi zikalia, watu wakafa, na hesabu ya waliokufa ikawa jambo la kubishaniwa. Mwezi uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan akaunda wizara ya maendeleo ya vijana ndani ya Ofisi ya Rais. Sisi hatuidharau wizara, na tutafurahi ikifanya kazi. Lakini wizara ni mkono wa serikali. Mkono hauwezi kumshauri mwenye mkono. Jirani zetu wa Kenya wana katiba ya mwaka 2010 inayotaka wananchi washirikishwe katika kutunga sheria, na bado mwezi wa Juni 2024 Muswada wa Fedha haukuondolewa mpaka vijana walipoingia ndani ya uzio wa Bunge na wengine wakauawa. Twataka ushauri upatikane kwa bei ya namna hiyo?

Madai yetu ni mawili. La kwanza, Baraza la Vijana lisiwe mali ya waziri. Viongozi wake wachaguliwe na vijana wenyewe bila ya kuulizwa kadi za vyama, fungu lake lipitishwe na Baraza la Wawakilishi, na asiwepo mtu mmoja mwenye kalamu ya kulivunja, kwani tumeona Songea kalamu hiyo ilivyotumika. La pili, nalo ndilo zito zaidi, kila rai itakayotolewa na baraza hilo ijibiwe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, na jibu lisomwe hadharani. Serikali isilazimishwe kukubali kila kitu. Vijana nao hukosea, kama wanavyokosea wazee. Ilazimishwe kujibu. Ikikataa, ikatae ikionekana, na sababu zake tuzipime.

Tena madai haya hatuyaelekezi kwa serikali peke yake. Chama chochote kinachoyataka hakina budi kuyatenda nyumbani kwake. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1963, pale Abdulrahman Babu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hizbu, alipotoka na kundi la vijana wakaunda chama cha Umma, miezi michache tu kabla ya uhuru. Mtu anaweza kumpenda Babu au kumchukia, na katika matawi yetu wako wa namna zote mbili. Ila hapana atakayekanusha kuwa chama kiliondokewa na vijana wake hodari kwa sababu hawakuelewana na wakubwa wao. Kijana wa tawi asiwe wa kubeba viti na kubandika matangazo tu. Rai yake iandikwe katika kumbukumbu za kikao, na kikao kinachofuata kimjibu.

Kwa hivyo kila tawi, kabla ya mkutano wa jimbo ujao, lipeleke vijana wawili kwa sheha wao wakaulize mambo matatu: Baraza la Vijana la Shehia lilikutana lini mara ya mwisho, lilitoa shauri gani, na serikali ililijibu nini. Majibu yaandikwe kama yalivyotolewa, bila ya kuongezwa chumvi, na yaletwe kwa katibu wa jimbo. Palipokuwa hapana jibu, iandikwe kuwa hapana. Tutayachapa yote, shehia kwa shehia.