Tusiwafundishe Watoto Kuandika Barua za Asante

Ndugu zangu wa Dzaleka, na ninyi mnaokuja kazini asubuhi kutoka Lilongwe, nina neno.

Mafunzo ya "uandishi wa habari" kwa vijana tumeyaona. Siku tatu, soda, cheti, picha ya pamoja, halafu gari linarudi mjini kabla ya giza. Mimi mwenyewe nimesaidia mafunzo kama hayo, kwa hiyo na mimi nimo kwenye lawama. Mengi si uandishi wa habari. Tunawafundisha watoto kushukuru kwa sentensi nzuri.

Kundi langu ni vijana wa miaka 14 mpaka 17: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Wamalawi wawili wa kijiji jirani. Mwaka jana walichagua habari yao wenyewe: bomba la maji lililokuwa limekufa wiki nyingi. Walihesabu ndoo kwenye foleni ya bomba lililobaki. Waliandika saa ambayo mama wa kwanza anafika. Walimwuliza fundi, akasema kipuri hakijafika. Kazi safi kabisa. Lakini waliotununulia madaftari wakasema habari hiyo "haijengi", afadhali tuandike juu ya mpira. Na mimi, kwa kuogopa kupoteza posho yangu ndogo ya mwezi, nikawaambia vijana waiache.

Msichana mmoja akaniuliza: "Kaka, sasa tunaandika habari ama tunaandika barua ya asante?" Nilinyamaza. Leo namjibu.

Wazazi wengine wanasema mtoto anayeuliza sana ataleta matatizo nyumbani. Hofu hiyo naiheshimu, wengi wetu tulikimbia kwa sababu ya maneno. Basi tuwalinde: waende wawili wawili, mtu mzima asome kwanza, jina la mwenye kuogopa lisitajwe. Lakini kunyamaza pia kuna hatari yake. Kambi hii ilifunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza, ikapangiwa watu kama 10,000. Leo tumepita 50,000. Kwa wingi huu, uvumi unakimbia kuliko pikipiki. Mkumbuke 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi wanaokaa mijini warudi kambini. Kila simu ilikuwa na habari yake, na watu hawakujua washike ipi. Siku ile tulihitaji vijana waliozoea kuuliza swali moja: umeona wewe mwenyewe, ama umesikia?

Jambo hili si ndoto. Kule Kakuma, Kenya, wakimbizi walianzisha gazeti lao wenyewe, KANERE, mwaka 2008, wakaandika mambo ya kambi kwa macho ya wanaokaa kambini. Hapa kwetu tuna Yetu Radio. Njia za kusema zipo. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuuliza.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Vijana wachague habari wenyewe. Wakikosea, wasahihishe mbele ya watu, maana huo nao ni ufundi. Na ofisi ikiulizwa, ijibu, hata kama jibu ni "hatuna pesa".

Vijana wangu nimewaomba msamaha. Daftari la hesabu ya ndoo hawakulitupa, tumelifungua tena. Wakibisha mlangoni kwenu, msiwape tisheti. Wapeni jibu.