Fundi, usipunguze msingi ili kumfurahisha mteja

Wadau, leo naongea na mafundi wenzangu wa kutandaza mawe. Mimi niko Shirimatunda, Moshi.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kibaraza cha nje cha mama mmoja. Akaniambia, "Mwanangu, hela yangu ni ya mawe na mchanga tu, hayo ya kokoto achana nayo." Nikakubali, niliogopa kumpoteza. Masika yalipoingia, mawe yakaanza kucheza, mengine yakadidimia, maji yakatuama mlangoni. Nikarudia kwa hela yangu. Faida yote ikaliwa, na mtaji juu.

Tangu hapo, kazi bila msingi siichukui, hata kama mfukoni sina kitu. Nachimba, naweka kokoto na kuzishindilia zifike sentimita 10, mchanga sentimita 3, ndipo mawe. Mteremko sentimita 2 kwa kila mita, maji yakimbie nyumba. Na jiwe la asili halina unene mmoja kama bloku za kiwandani, kila moja unalipima kwa kamba na pimamaji. Muda huo ni hela, uandike kwenye makadirio.

Utasema mteja ataenda kwa wa bei chee. Aende, rahisi ghali. Au mwambie hivi: hela haitoshi, tupunguze eneo. Mwaka huu njia ya getini, mwakani kibaraza.

Wewe je, umewahi kurudia kazi kwa hela yako? Tuambie ilikuwaje, wengine wajifunze.