Nani Atamtunza Mama?



Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Katika ugomvi wa watoto juu ya mzazi aliyekongoka, nyasi ni mzazi mwenyewe.

Chukua mfano wa mama mjane aliyepotewa na kumbukumbu. Binti aliyebaki nyumbani ndiye amwogeshaye, amlishaye na kukesha naye. Kaka mkubwa, mkaazi wa Nairobi, ataka mama ahamie kwake. Kitinda mimba aliye ng'ambo hutuma fedha kila mwezi, naye ashuku kwamba dada anazila. Mara kaka apeleka ombi mahakamani awe mlinzi wa mama na msimamizi wa mali yake, kwani Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya yaipa Mahakama uwezo wa kuamuru hivyo. Dada apinga. Mawakili waandikiana barua, na mama angojea uji.

Shauri kama hilo si lazima liishe kwa mshindi na mshinde. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 chazitaka mahakama zikuze upatanishi. Mwaka 2016 Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu ya Milimani, Nairobi, kilianza kupeleka kesi kwa wapatanishi walioidhinishwa, na baadaye mpango huo ukaenea katika kaunti nyingine. Muda uliowekwa ni siku 60. Mpatanishi hatoi hukumu, na yasemwayo mbele yake ni siri. Ndugu wakishindwa kuelewana, kesi humrudia jaji. Wakielewana, mapatano huandikwa, hutiwa sahihi na kuwa amri ya mahakama isiyokatiwa rufani. Basi yasomeni vema kabla ya kushika kalamu.

Watoto wakiingia katika chumba hicho na hesabu ya shamba, watatoka na hesabu ya shamba. Waingie na siku nzima ya mama, toka asubuhi hadi usiku. Nani humpa dawa? Nani humpeleka hospitali? Nani hulala karibu naye? Dada atapumzika lini, na nani atashika zamu yake? Atumaye fedha aonyeshwe matumizi kila mwezi. Atoaye jasho naye ahesabiwe kuwa ametoa, kwa maana kumgeuza mgonjwa kitandani usiku wa manane ni mchango mkubwa kuliko noti nyingi.

Na mama mwenyewe aulizwe. Aliyesahau jina la mjukuu huenda bado ajua ni chumba gani apendacho kulala. Kifungu cha 57 cha Katiba chataka wazee waishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, wapate matunzo ya jamaa zao na ya serikali.

Lakini mzee akipigwa au akinyimwa chakula, hapo msingoje kikao cha upatanishi. Nendeni polisi na mahakamani siku hiyo hiyo.

Nawe msomaji ambaye mzazi wako bado ana akili timamu, waite ndugu zako mapema. Mwulizeni mzazi angependa kuishi wapi, na nani, na fedha zake zishikwe na nani. Andikeni majibu yake naye akisikia. Karatasi hiyo itawafaa siku ambayo yeye hataweza tena kujisemea.