Mtoto anaomba kadi ya dola elfu mbili



Wiki hii tunajibu swali la mama mmoja wa Manika. Kijana wake wa kwanza ana miaka 23, anatengeneza simu na ordinateri, na jioni anacheza michezo ya ordinateri nyumbani pamoja na wadogo zake. Ordinateri yake ina kadi ya grafiki RTX 3060. Sasa anataka kuitoa na kuweka RTX 5090, ile kubwa kuliko zote. Ameweka akiba ya dola 900. Anamwomba mama amkopeshe zamu yake ya likelemba ili zifike.

Mama anauliza: “Nikikataa, si atatoka nje usiku kama wenzake, au atafuata wale wanaoshuka mashimoni? Nikikubali, shule ya wadogo zake nitalipa na nini?”

Swali hili si la mchezo. Tulipime polepole.

Kadi ya grafiki ni kile kipande cha ordinateri kinachochora picha unazoziona kwenye ekra. Kadi ikiwa na nguvu, picha ni safi na zinatembea bila kukwama. RTX 3060 ilitoka mwaka 2021. RTX 5090 ilitoka Januari 2025, na bei yake ya kwanza Marekani ilikuwa dola 1,999. Mpaka ifike Kolwezi, ongeza usafiri, forodha na faida ya muuzaji.

Tena kadi hiyo haiji peke yake. Kampuni inayoitengeneza, Nvidia, inashauri kisanduku cha umeme cha watt 1,000 ndani ya ordinateri. Kile kinachobeba RTX 3060 mara nyingi ni cha watt 550 au 600, basi nacho kitabadilishwa. Na ekra je? Ekra ya kawaida inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikichora 150, zile 90 hakuna atakayeziona. Kwa hiyo atataka ekra mpya pia. Mama aliyedhani anakopesha kadi moja atajikuta amenunua vitu vitatu.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapo ndipo Kolwezi yetu inapoamua.

Tunakaa karibu na maji ya Lualaba. Nzilo na Nseke zilijengwa miaka ya 1950. Tangu mwaka 1982 kuna ule mstari mkubwa unaotoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, uliowekwa ili kulisha migodi. Hata hivyo umeme hautoshi, na makampuni ya migodi yanaagiza mwingine kutoka Zambia. Katika lupangu zetu kila mama anajua namna unavyokatika bukari ikiwa motoni, na namna unavyorudi kwa kishindo mpaka balbu inapasuka.

RTX 5090 peke yake inaweza kula watt 575. Ni kama kongelateri tatu au nne zinazotembea pamoja. Ukiongeza ordinateri yenyewe na ekra, unafika karibu watt 800. Saa nne za kucheza ni zaidi ya kilowatt-saa 3 kila jioni. Jenereta ndogo ya watt 650, ile inayoonekana mbele ya maduka mengi, haiwezi kuibeba. Na wenye sola wahesabu hivi: betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kama watt-saa 1,200, na betri ya asidi haifai kutolewa zaidi ya nusu. Mashine ya watt 800 itaimaliza nusu hiyo kabla ya dakika 45. Halafu usiku nyumba nzima iko gizani, na simu ya baba haina chaji.

Nimesikia jibu la vijana: “Lakini mama, kadi hiyo ina shaba yetu ndani.” Ni kweli, shaba imo, kwenye nyuzi zake na kwenye mabomba yanayotoa joto. Lakini shaba ni sehemu ndogo sana ya zile dola 1,999. Kinacholipwa hasa ni ujuzi wa wanaochora ile chipu na wa viwanda vya TSMC vya Taiwan vinavyoitengeneza. Basi kama tunalipia ujuzi wa watu wengine, tumuulize kijana: kadi hii itakuongezea wewe ujuzi gani?

Swali hilo lisiwe la kumfunga mdomo. Linaweza kuwa na jibu zuri. Kadi yenye nguvu inasaidia kukata video za harusi, kuchora nyumba kwa sura tatu, kujifunza Blender ambayo ni programu ya bure. Anayesoma jeolojia anaweza kuchora miamba ya chini ya ardhi. Kama kijana ana wateja wanaosubiri kazi kama hiyo, kadi ni chombo cha kazi, sawa na cherehani. Kama hana, kadi ni starehe. Starehe si dhambi, lakini starehe hailipwi na pesa ya likelemba. Likelemba ni ahadi kwa wenzako na ni shule ya watoto wadogo.

Basi haya ndiyo mawazo yangu kwa mama wa Manika.

Zamu ya likelemba usiiguse. Mwambie kijana kwa upole, si mbele ya wadogo zake.

Pesa yake, zile dola 900, ni jasho lake. Usimnyang’anye uamuzi, msaidie kupanga. Kitu cha kwanza kununua ni onduleri nzuri yenye kulinda na umeme unaopanda na kushuka. Bila hiyo, siku moja ya umeme mbaya inaweza kuunguza kadi ya bei yoyote. Wakati wa mvua, radi zikianza, achomoe kila kitu ukutani. Wala onduleri isitegemewe peke yake.

Kitu cha pili hakina bei: afungue ordinateri na kutoa vumbi. Ninyi mnajua vumbi letu la kiangazi. Likijaza feni, kadi inapata joto na inapunguza mwendo yenyewe. Vijana wengi wanadhani kadi imezeeka, kumbe imezibwa pumzi. RTX 3060 iliyosafishwa bado inacheza michezo mingi vizuri kwenye ekra ya kawaida, na ile ya mpira haiipi shida.

Akiona bado anahitaji kadi mpya, iko RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 429, na inakula watt 180, karibu sawa na aliyonayo. Inamtosha kucheza na kujifunza kazi. Hata na usafiri, dola 900 zinaweza kulipa kadi hiyo na onduleri, na mama hadaiwi kitu.

Ajihadhari na kadi zilizotumika. Mpaka Septemba 2022 kadi nyingi zilikuwa zikitumika usiku na mchana kutafuta pesa ya Ethereum. Kazi hiyo ilipokwisha, zikauzwa rahisi kila mahali. Asilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi nusu saa mbele yake. Na ile mpya, aulize: ikiharibika, nani atairudisha ilikonunuliwa, na kwa pesa ya nani?

Inabaki hofu ya mama, kwamba mtoto atatoka usiku. Mama, kadi haijawahi kumlinda mtoto. Umesema mwenyewe kwamba anacheza pamoja na wadogo zake. Hicho ndicho kinachomkalisha nyumbani, na kinawezekana na kadi aliyonayo leo. Keti naye, weka karatasi mezani, aandike mwenyewe bei, watt na kazi atakayofanya. Mkimaliza hesabu pamoja, huenda neno “hapana” atalisema yeye kabla yako.

Wamama wa vikundi vingine, kama kijana wenu amenunua kadi au onduleri na imedumu, leteni habari kwenye mkutano. Hesabu ya nyumba moja inasaidia nyumba kumi.