Lugha Isingojee Shule

Wilayani Mbinga mtoto huanza kujifunza Kimatengo akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Kando ya Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, mwenzake huanza na Kimpoto au Kinyanja. Baadaye wote wawili hupata Kiswahili, na hakuna anayeshangaa kuona lugha ya kwanza ikimwandalia mtoto njia ya kuipokea ya pili.

Lakini mtoto akiwa kiziwi, hekima hiyo husahauliwa. Wapo wazazi wanaoshauriwa wasimzoeze alama, eti atategemea mikono na hatajaribu kusema kamwe.

Imani hiyo si ya vijijini peke yake. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema, na alama ziondolewe madarasani. Uamuzi huo ulitawala shule nyingi duniani kwa miaka ipatayo mia moja. Mwaka 2010, mkutano wa namna hiyo uliofanyika Vancouver, Kanada, uliukana na kujutia madhara yake.

Ukweli ni kwamba mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi viziwi hutoa alama zake za kwanza katika umri ule ule ambao mwenzake hutamka maneno ya kwanza, au hata mapema kidogo. Tena, watoto wanaosikia wanaolelewa na wazazi viziwi hujua alama na husema pia. Basi kinachomdumaza mtoto si alama, bali ni kukosa lugha.

Hatari hiyo ni kubwa kwa sababu watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua alama. Shule ya viziwi ya Ruhuwiko iko Songea, kilomita zipatazo 160 kutoka Mbamba Bay. Mtoto wa mvuvi akifika huko na umri wa miaka saba au zaidi bila lugha yoyote, mwalimu hulazimika kuanza na yale ambayo wengine huyapata kabla ya miaka mitatu. Mkulima wa kahawa hautelekezi mche kitaluni kwa matumaini ya kuja kuutengeneza shambani.

Kwa hiyo hatuna budi kuanza mapema. Wahudumu wa zahanati wawachunguze watoto wasioshtushwa na sauti, na kuwapeleka hospitali bila kukawia. Watendaji wa vijiji wawaorodheshe kabla ya umri wa shule. Halmashauri za Mbinga na Nyasa ziwatumie viziwi watu wazima, ambao lugha ya alama ni yao, kuwafundisha wazazi, ndugu na walimu wa madarasa ya awali.

Wanaoweza kufundishwa kusema, wafundishwe. Lakini asiachwe mtoto hata mmoja akae bila lugha kwa kungojea sauti ambayo huenda isije.